Supu ya Deni

Mbwa wangu anaitwa Deni kwa sababu ndivyo alivyoingia nyumbani. Kuna fundi alichukua kwangu hela ya madirisha ya aluminiamu. Madirisha hayakuja, hela haikurudi, na siku niliyomfuata nikiwa nimekunja sura kweli kweli, akanitolea mbwa jike. Upande wa mama, alisema, ana damu ya Jemani Shepadi. Upande wa baba akasema tuuache. Nikampokea. Mtu akidai muda mrefu hufika mahali akapokea chochote chenye uhai.

Haikupita miezi mingi, Deni akazaa. Watoto wengine tuligawa, wawili wakabaki. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kukusanya marejesho ya mikopo, ndiye aliyewapa majina. Riba na Faini. Nikacheka. Sikujua kama majina hayo yangekuja kunitoa jasho mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda.

Tunaishi Goba, ile Goba ya ndani, ambako nyumba moja imekamilika na nne zinazoizunguka zimeota majani zikisubiri bati. Nondo zinaibiwa, tofali zinaibiwa, hata pampu ya kisima ilishang'olewa usiku. Mbwa huku si anasa. Tabu ni kumlisha. Nilianza kwa kiburi, nikaenda supamaketi kununua mfuko wa chakula cha mbwa, ule wenye picha ya mbwa anayecheka. Mke wangu alipoiona risiti akaisoma mara mbili, kisha akauliza kwa upole, "Baba Neema, hivi kati ya Neema na hawa, nani anasoma?" Tangu siku hiyo bajeti ya mbwa ikawekwa kwenye bahasha, shilingi elfu ishirini kwa wiki, midomo mitatu, na bahasha ikiisha imeisha.

Ndipo nikageuka mpishi.

Bwana mifugo alipokuja kuwachoma chanjo ya kichaa cha mbwa nilimkalisha kwenye kiti, nikamletea soda, nikamwambia anieleze mbwa anakula nini kwa mtu mwenye bahasha kama yangu. Alifurahi kuulizwa. Akaniambia nisione haya kuwapa ugali, maana mbwa wa nyumbani si mbwa mwitu. Kukaa kwao na binadamu kumewabadilisha hadi tumboni. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Ila ugali peke yake ni kumdanganya. Achanganyiwe nyama, dagaa, mboga kidogo. Kisha akaanza masharti, nami nikayaandika kwenye ukurasa wa nyuma wa andalio la somo.

Kitunguu usitie, cha maji wala saumu, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chumvi achana nayo. Zabibu na chokoleti, hata kwa kuonja, hapana. Maini kidogo tu, yakizidi vitamini A inamgeuka. Mfupa uliopikwa ni hatari, maana unapasuka vipande vyenye ncha vikamchana utumbo. Chemsha, kisha toa mifupa yote. Na kwa kuwa mifupa umeitoa, kalsiamu itoke kwingine: kausha maganda ya mayai, saga yawe unga laini kabisa, nyunyizia. Nilipomuuliza kama naweza kununua yale mahindi ya bei ya chini yaliyoshika ukungu, yanayouzwa "kwa mifugo", aliweka soda chini. Akanikumbusha mwaka 2016, jinsi sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara, akasema mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana. "Mwalimu, mahindi ambayo wewe huyali, na mbwa asiyale."

Mambo ya nyama nilijifunza mwenyewe. Nikipata lifti ya kwenda Vingunguti machinjioni nilirudi na kongoro na mapupu. Nikipita Feri, vichwa vya samaki. Mwuza kuku wa kisasa pale njia panda alinifungia miguu na vichwa kwenye mfuko mweusi, kila mara akiniuliza kwa sauti ya chini kama mambo nyumbani yako sawa. Dagaa wa Mwanza nilinunua kwa sado, wale wa daraja la mwisho, wa kupepeta mchanga kwanza. Karoti zilizopinda na matembele nilipewa karibu bure.

Gesi nilinyimwa tangu siku ya kwanza. Ndani ya uzio nako nikafukuzwa, kwa sababu mashuka yaliyoanikwa yalikuwa yanarudi kitandani na harufu ya utumbo. Nikahamia nje ya geti, mafiga matatu, sufuria la shughuli lenye masikio mawili, na kuni zangu zilikuwa mabaki ya mbao za kenchi kutoka kwenye hizo nyumba zisizoisha. Napika Jumamosi alfajiri, naigawa kwenye makopo, nagandisha, mbwa wanakula wiki nzima. Mke wangu aliongeza jambo moja tu. Tangawizi. Alisema kama lazima mtaa mzima unuse, basi unuse kitu cha maana. Bwana mifugo akasema kidogo haina neno, basi kila Jumamosi kipande kinapondwa na kutumbukizwa.

Sasa vuta picha. Saa moja na nusu asubuhi, kongoro limechemka tangu usiku bado mweusi, limelainika, mifupa nimeshaitoa yote, mchuzi umekuwa mzito na kunata, tangawizi inapanda na upepo. Dona bado sijatia, na hapo ndipo palipoharibikia, kwa sababu kabla ya dona ile si chakula cha mbwa. Ile ni supu. Mtu yeyote mwenye pua angekwambia ni supu, tena ya kongoro, ile wanayokunywa wanaume wakitoka usiku mrefu.

Dona lilikuwa limeniishia. Nikamwachia sufuria mpwa wangu Elia, kijana aliyemaliza kidato cha sita na alikuwa kwangu akisubiri majina ya JKT, nikaenda mashineni. Elia ni mtoto mwenye adabu kupita kiasi. Ukimtuma chumvi dukani atarudi kukuuliza kama muuza duka amsalimie kwa niaba yako. Nilimwachia maagizo ya kawaida: koroga, usiache moto uzime, na kama kuna jirani mwenye mbwa akija na kopo, mpimie, uandike kwenye daftari. Maana nilikuwa nimeshaongea na majirani kadhaa wenye mbwa tuchangiane gharama.

Yaliyofuata nayasimulia kama Elia alivyonieleza baadaye, akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

Dereva wa bodaboda mwenye pikipiki nyekundu alisimama. "Dogo, supu hiyo?"

"Ndiyo kaka. Shikamoo."

"Ya nani?"

"Ya Deni."

Dereva akazima pikipiki. "Ya deni kabisa?"

"Yote ni ya Deni, kaka." Halafu Elia, asiyependa kuacha ukweli nusu, akaongeza, "Na Riba na Faini."

"Riba na faini kwa anayechelewesha, hiyo kawaida," akasema dereva. "Ilimradi si kausha damu. Nipimie bakuli, niandike."

Elia akasikia "bakuli", akajua mbwa wa huyu kaka ana bakuli lake. Akamuuliza, liko wapi? Kaka akasema hana, kwani huku hamna bakuli? Elia akaona aibu kumrudisha mtu mzima kwa kukosa chombo. Akaingia ndani, akafungua kabati la kioo, akatoa bakuli za maua ya bluu ambazo mimi mwenyewe, mwenye nyumba, sijawahi kulia.

"Na alipoanza kunywa ulifikiri nini?" nilimuuliza.

"Nilifikiri anamwonjea mbwa wake, Mjomba."

"Na wa pili?"

"Nilifikiri na yeye anaonja."

"Na walipojaa?"

Akainamisha kichwa. "Mjomba, mtu yuko katikati ya kutafuna, unamwanzia wapi?"

Kwenye kijiwe cha bodaboda neno "mkopo" halihitaji tangazo. Nilipokata kona na kiroba cha dona begani nilikuta pikipiki zimepangwa ukutani kwangu, madereva wamekaa kwenye tofali zangu, fundi bomba yuko kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mama mmoja wa vitumbua amefunga biashara yake kwa muda. Na katikati, kwenye kiti changu cha plastiki, Mzee Kombo, mtu mzima wa msikitini anayeheshimika mtaa mzima, ameshika bakuli la maua ya bluu akingoja mtu aliyetumwa limau.

"Mwalimu!" wakanipokea. "Hongera kwa kufungua!"

Nikatua kiroba. Nikasema, "Jamani, hiyo supu..."

"Haina chumvi, tunajua," akasema wa pikipiki nyekundu. "Kijana ametueleza, hamtii. Safi sana, supu ya watu wa presha."

"Hapana, nilitaka kusema..."

"Wala mfupa hamna!" akadakia mwingine. "Pale stendi unalipa buku mbili unapewa mfupa mmoja na maji yake. Hapa ni nyama mwanzo mwisho."

"Na haina kitunguu," akasema yule mama wa vitumbua, kwa sauti ya mtaalamu. "Mimi kitunguu kinanijaza gesi."

Kila sharti la bwana mifugo, moja baada ya jingine, lilikuwa limegeuka sifa ya hoteli. Fundi bomba peke yake ndiye aliyekuwa na malalamiko. Alikuwa anasugua ulimi kwenye meno. "Kuna kitu kinakwaruza kidogo chini huku. Ni mchanga?"

"Ni kalsiamu," akasema Elia.

"Umeona?" wakamwambia fundi bomba. "Kalsiamu! Unywe unyamaze."

Mimi nimefundisha miaka mingi na sijawahi kushindwa kunyamazisha darasa. Pale nilishindwa. Kila nilipofungua kinywa mtu alinishukuru. Nikamsogelea Mzee Kombo, nikaona kheri nianze na yeye, maana bakuli lake lilikuwa bado limejaa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, umefanya jambo. Vijana hawa wanashinda na njaa hapa."

"Mzee, naomba hiyo bakuli..."

"Subiri limau inakuja."

Wakati huo huo mtu akaomba aongezwe, na Elia, kwa mazoea, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kuutoa mchuzi. Ngo, ngo, ngo.

Kwangu mgongo wa mwiko ndiyo kengele ya chakula. Banda lina komeo, lakini Riba alishajua siku nyingi kuliinua kwa pua. Geti nilikuwa nimeliacha wazi nilipoondoka. Wakatoka wote watatu, Deni mbele, na kijiwe kizima kikaganda vijiko hewani, kwa sababu hao mbwa wanajulikana. Hakuna dereva hata mmoja pale ambaye hajawahi kuinua miguu juu ya tangi akipita kwangu usiku. Lakini mbwa hawakubweka. Deni akakaa kitako mbele ya fundi bomba, akakitazama kijiko kikipanda, akakitazama kikishuka. Riba akachagua mama wa vitumbua. Faini akaja nyuma kabisa, amebeba sahani yake ya bati mdomoni kama anavyofanya kila jioni, akapita katikati ya miguu ya watu, akafika nyuma ya kijana aliyekuwa anangoja kuongezwa, akasimama. Akapanga foleni.

Kijana akageuka. Akamtazama Faini, akaitazama sahani.

"Dogo," akasema taratibu, "huyu naye anakopa?"

"Hapana kaka," akasema Elia. "Huyu ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye supu. Huyu ndiye Faini. Yule pale Riba." Akaelekeza mwiko kwa heshima. "Na yule mkubwa ndiye Deni."

Nimeshawahi kuhudhuria mazishi yenye kelele zaidi.

Kisha vikatokea vyote kwa mpigo. Kuna aliyetema, kuna aliyekimbilia bomba akakuta Dawasa hawajaleta maji siku hiyo, kuna aliyeanza kunitukana akakumbuka Deni yuko hapo akashusha sauti. Fundi bomba alikuwa amejishika koo akirudia "kalsiamu, kalsiamu". Wa pikipiki nyekundu alikaa kimya, akatazama ndani ya bakuli lake, akamaliza.

Mzee Kombo akainua mkono. Wakatulia.

"Mwalimu. Mnyama huyu amechinjwa wapi?"

"Vingunguti, mzee. Kongoro la ng'ombe. Kuku sikutia leo."

"Sufuria hili mbwa amelilamba?"

"Hata siku moja, mzee. Linaning'inia stoo, juu. Wao wanapimiwa kwenye sahani zao za bati."

"Na bakuli hizi?"

"Hizo ni za kabatini," nikasema, na hapo ndipo nilipokumbuka ni za kabatini.

Mzee akafikiri. "Mbwa angelilamba, chombo kingeoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi ningekuwa nimeshaondoka. Hajalilamba. Nyama ni ya halali. Kuna kiungo humo ambacho mtu hali?"

"Hamna mzee. Karoti, matembele, tangawizi. Maganda ya mayai yaliyosagwa."

"Basi hii ni supu ambayo mbwa hajaifikia bado," akasema Mzee Kombo. Lakini bakuli lake alimrudishia Elia, na limau ilipofika akaitia mfukoni.

Vijana hawakuridhika na fatwa. Wakadai daftari. Wanataka majina yao yafutwe, maana deni la chakula cha mbwa halilipwi. Mmoja akalinyakua, akaanza kusoma kwa sauti ili kila mtu aone dhuluma, na laiti asingesoma. Elia alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kidato cha sita, kwa maagizo yangu mwenyewe:

"Mbwa wa kaka wa pikipiki nyekundu, bakuli mbili. Mbwa wa fundi bomba, bakuli moja na nusu. Mbwa wa mama vitumbua, bakuli moja, ameomba nyama laini. Mbwa wa kaka mwenye jezi ya njano, bakuli tatu, anakula haraka sana."

Mwenye jezi ya njano ndiye aliyekuwa anasoma.

Kicheko kilianzia kwa mama wa vitumbua. Alicheka mpaka akakaa chini, na Riba akaona nafasi akamalizia bakuli lake. Bakuli la maua ya bluu. Mzee Kombo akaona, akaninyooshea vidole saba.

Ubishi wa malipo uliendelea. Mzee ndiye aliyeumaliza, akiwa ameshasimama kuondoka. "Mlipoambiwa mkopo, nani kati yenu aliuliza supu ya nini? Mmeuliza riba. Mmeuliza faini. Nyama hamkuuliza. Lipeni kila mtu mia tano ya kuni, yaishe." Walilipa walau nusu yao. Wa jezi ya njano alisema atalipa, na nilipomtazama akasema sawa, niandike, lakini niandike jina lake.

Mke wangu alirudi sokoni akakuta bakuli zake zimepangwa kwenye beseni na Elia anachota udongo kwa kijiko, anahesabu kwa sauti. Hakuuliza kuhusu supu. Hakuuliza kuhusu watu. Aliuliza tu nani aligusa kabati, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Elia hakusema ukweli wote. Alisema, "Bakuli zilitoka, Shangazi."

Tatizo langu lilikuwa jingine. Sufuria lilibaki na kitu cha kina cha vidole viwili, na bahasha ya wiki ilikuwa mle. Jioni ile niliwasongea dona kwenye hayo mabaki wakala. Jumapili sikuwa na kitu, mama watoto akafungua mkoba akanipa hela ya mfuko mdogo wa supamaketi, akisema niihesabu kama mkopo. Nikarudi na ule wenye mbwa anayecheka. Riba alinusa akaondoka. Faini alichukua kipunje kimoja, akakitoa, akakitazama. Deni alichimba shimo karibu na kisima, akakifukia chakula cha bei ile yote, akasawazisha kwa pua, akaenda kukaa getini kwenye mafiga. Ilibidi nikope dagaa kwa jirani.

Siku hizi nimerudi kupikia ndani ya uzio, mashuka yanaanikwa Ijumaa, na dona linanunuliwa kabla moto haujawashwa. Elia aliitwa JKT. Alipotupigia simu mara ya kwanza alisema amepangwa jikoni. Nje kijiwe kimetulia, ila nikipita bado kuna anayenibwekea kwa mbali, halafu wote wanatazama pembeni.

Wa pikipiki nyekundu peke yake ndiye habweki. Jumamosi, jua likianza kuchoma, anagonga geti polepole kwa ukucha, anauliza kama dona limeshaingia au bado. Kama bado, anapewa kikombe. Huja na chumvi yake kwenye karatasi.